Pamba Miguuni pa Bibi: Ngao ya Taifa Ikisomwa Kutoka Rufiji

Mwaka jana, wakati wa kipupwe, nilialikwa katika shule moja ya sekondari ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Wilaya ya Kibiti. Ni mahali panapofikiwa kwa boti kutoka Nyamisati, na saa ya kuondoka huamuliwa na maji, si na ratiba. Shule hiyo haikuwa na nembo. Barua zake zilitoka na Ngao ya Taifa juu, jina la halmashauri chini yake, kisha jina la shule. Lakini mifuko ya mashati ya wanafunzi ilikuwa mitupu, na mwalimu mkuu aliona kuwa jambo hilo linawapunguzia vijana wake fahari wanapokwenda kwenye michezo ya wilaya. Akaunda kamati ndogo: walimu wawili, wanafunzi wanne, wazee wawili wa kijiji, na mimi, niliyeitwa kwa kuwa nafundisha historia chuoni na bibi yangu mzaa mama alizaliwa huko huko mikokoni.

Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuchora. Palikuwa na mkoko wenye mizizi iliyosimama juu ya tope kama vidole, mtumbwi, kamba, kiboko, suke la mpunga. Kijana mmoja alichora simba, kama ilivyo ada ya shule nyingi za nchi hii, hata zile ambazo simba wa mwisho alionekana huko kabla ya Vita Kuu. Mwingine alichora dungu. Kwa msomaji asiyeifahamu Rufiji, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu kati ya shamba la mpunga, ambamo familia hukaa msimu mzima kulinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani na viboko, na ambamo watu husalimika mto unapofurika. Nilivutiwa mno na mchoro huo, lakini sikusema neno, maana mgeni hapendekezi.

Mchoro uliotushika ulikuwa wa msichana wa kidato cha tatu. Alichora ngao, upande mmoja akaweka mpunga na upande wa pili mche wa pamba, tumba zake zimefunguka, nyeupe, kwa ustadi wa kuonea wivu. Mzee mmoja akauchukua, akauinua hadi usawa wa macho, akauweka mezani taratibu.

"Mjukuu wangu, una mkono mzuri. Lakini hii pamba itoe."

"Kwa nini, babu?"

"Babu zetu waliing'oa."

Yule msichana alinyamaza kidogo, kwa adabu, kisha akauliza: "Mbona kwenye Ngao ya Taifa ipo, babu? Miguuni pa yule bibi."

Mzee hakumjibu. Alinigeukia mimi, na wengine wote wakanigeukia. Nilitoa jibu la darasani, kuhusu mazao ya biashara na ushirika, jibu ambalo lilikuwa sahihi na ambalo halikumridhisha mtu yeyote pale, nami nikiwamo. Makala haya ni jaribio la pili.

*

Tuanze na kile ambacho kila mtumishi wa umma hukiona kila siku na aghalabu hakitazami. Ngao yetu imesimama juu ya kilele cha Mlima Kilimanjaro. Imegawanywa sehemu nne. Juu kabisa kuna rangi ya dhahabu, ishara ya madini, na juu ya dhahabu hiyo mwenge unawaka. Chini yake ipo bendera ya Jamhuri ya Muungano. Sehemu ya tatu ni nyekundu, nayo huelezwa kuwa ni udongo wetu wenye rutuba. Humo jembe na shoka vimepishana, na mkuki umesimama wima. Jembe na shoka ni zana za kujenga nchi, mkuki ni ulinzi wa uhuru. Chini kabisa kuna mawimbi ya buluu na nyeupe: bahari, maziwa na mwambao. Mwanamume na mwanamke wamesimama kila mmoja upande wake, wameshika pembe za ndovu zinazoikumbatia ngao. Miguuni pa mwanamume umeota mkarafuu, miguuni pa mwanamke umeota mpamba, na mimea hiyo miwili huelezwa kuwa ishara ya ushirika. Utepe wa chini unasomeka "Uhuru na Umoja", maneno yaliyotoka moja kwa moja katika majukwaa ya TANU. Wananchi hawakungoja maelezo ya serikali ili kuipa jina: kwao ni "Bibi na Bwana".

Hayo ndiyo maana rasmi, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba maana ya nembo huisha pale maelezo rasmi yanapoishia. Dhana hiyo iliniondoka katika kijiji kimoja cha Ujerumani, ambako niliishi miezi kadhaa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu. Kila kijiji huko kina ngao yake, hata chenye kanisa moja na duka moja la mikate. Ile ya kijiji chetu ilikuwa na nusu ya gurudumu la kinu cha maji na mstari wa mawimbi. Niliidhania kuwa ya zama za mashujaa wa farasi na mapanga. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu, alicheka: ngao ilibuniwa katika karne ya 20, yeye akiwa msichana, na kinu kilikuwa kimebomolewa zamani. Waliochagua kinu, aliniambia, walikuwa jamaa wa wenye kinu. Waliokuwa wakipeleka ngano yao na kukatwa sehemu ya unga kwa lazima hawakuulizwa.

Nilijifunza kwake jambo la pili. Elimu ya ngao ya Ulaya ina kanuni ambayo humchanganya kila mgeni: kulia kwa ngao ni kushoto kwa mtazamaji. Sababu ni kwamba ngao hapo kale ilikuwa chombo cha vita, ikashikwa na mtu aliyejificha nyuma yake. Kulia na kushoto huhesabiwa kutoka kwa aliyeishika. Nimeikumbuka kanuni hiyo mara nyingi tangu siku ile ya Kibiti. Sisi huifundisha Ngao ya Taifa kutoka upande wa mtazamaji, yaani upande wa ofisi inayoieleza. Rufiji yumo nani nyuma yake?

*

Ngao hii haikuwa ya kwanza kukusudiwa kwa ajili ya nchi hii. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipeperusha bendera nyeupe yenye msalaba mweusi, na pembeni, juu ya wekundu, nyota tano nyeupe za Msalaba wa Kusini. Serikali ya Kaisari ilipochukua utawala ilitumia bendera ya dola na tai wake. Ilikuwa karibu na mwisho wa utawala wao ndipo Wilhelm Solf, waziri wa makoloni mjini Berlin, alipoona kuwa makoloni ya Waingereza yana nembo zao ilhali ya Wajerumani hayana. Akashirikiana na Johann Albrecht, mtawala wa ukoo wa Mecklenburg na mpenzi mkubwa wa mambo ya makoloni, wakaandaa michoro. Kamerun ilipangiwa tembo. Togo, mnazi na nyoka wawili. Guinea Mpya, ndege wa peponi. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilipangiwa kichwa cha simba juu ya ngao nyekundu.

Michoro ilikuwa tayari mwaka 1914. Vita ikazuka, na simba yule hakupata kupandishwa mlingoti wowote. Waingereza walipopewa Tanganyika nao waliweka mnyama: kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe.

Itazame mifano hiyo kwa pamoja. Simba, tembo, ndege, nyoka, twiga. Hakuna mtu. Kwa aliyekaa Berlin au London, nchi hii ilikuwa mahali penye wanyama wa kuvutia, na wakazi wake walihesabika katika daftari za kodi tu. Kwa hiyo, kabla sijasema lolote la kuikosoa Ngao ya Uhuru, niseme hili kwa uzito wake: iliwaondoa wanyama katikati ya picha, ikaweka mwanamke na mwanamume, wakiwa wamesimama. Tembo amebaki, lakini ni pembe zake tu, na zimo mikononi mwao. Mtu aliyezaliwa chini ya bendera ya twiga alijua tofauti hiyo ni nini.

Rufiji nayo, ingawa haikupata simba wa Solf, ilipata kitu kingine cha Wajerumani chenye jina na nembo. Meli ya vita Königsberg ilipewa jina la mji wa Prussia Mashariki ambao leo ni Kaliningrad. Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1724 kwa kuunganishwa miji mitatu, na ngao yake iliziweka pamoja ngao za miji hiyo, umoja wa aina yake. Septemba 20, 1914 meli hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika mikono ya delta yetu, karibu na Salale. Mitambo yake iliyoharibika ilikokotwa na vibarua wa Kiafrika hadi Dar es Salaam kutengenezwa, ikakokotwa tena kurudi. Waingereza waliipiga Julai 6, wakarudi Julai 11, 1915, na siku hiyo nahodha wake, Max Looff, akaiharibu mwenyewe. Mizinga yake kumi ikatolewa na kuburutwa bara kupigania vita vya Lettow-Vorbeck. Mmoja leo umo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Watalii wachache wanaofika delta huja kuuliza habari za meli hiyo. Wanaandika vitabu. Sijawahi kukutana na aliyekuja kuuliza majina ya waliokokota.

Lakini tarehe ninayoishika zaidi katika habari za Königsberg si ya kuzama kwake. Ni ya kushushwa kwake majini, bandarini Kiel: Desemba 12, 1905. Miezi minne kabla ya hapo, Agosti 4, huko Mohoro, si mbali na mto ambamo meli hiyo ingekuja kufia, serikali ile ile ilikuwa imemnyonga Kinjikitile Ngwale. Na hapo ndipo tunapoifikia pamba.

*

Mwaka 1902 Gavana Gustav Adolf von Götzen alianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za kusini mwa pwani. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, na Berlin ilitaka kujitegemea kwa mikono ya watu wengine. Kila jumbe aliamriwa kufungua shamba. Watu wazima wa eneo lake walipangiwa siku 28 za kazi kwa mwaka, na wasimamizi wake walikuwa na viboko. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: la wakulima, la jumbe, na la chombo cha serikali kilichouza. Kwa mwaka wa kwanza, mkulima wa wilaya ya Dar es Salaam alipata senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima. Wako walioikataa, na nadhani kukataa huko kuliwaudhi watawala kuliko uvivu, kwa sababu mtu anayekataa senti 35 amekwisha kufanya hesabu zake.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka ni kalenda. Mkulima wa Rufiji na Umatumbi hakuwa na siku 28 za ziada. Bondeni, maji ya mto huamuru kila kitu: lini kupanda mpunga, lini kuhamia dungu, lini kurudia mahindi kwenye tope linaloachwa na mafuriko. Ukimwondoa mtu shambani kwa wiki moja ambayo si yake, mavuno ya nyumba yake yanakwenda kwa nguruwe. Tena pamba yenyewe hailiwi. Bibi yangu alikuwa akisema mtu analima kile ambacho anaweza kukitia chunguni usiku akichelewa kurudi.

Katika mazingira hayo, mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile alipagawa na pepo Hongo, akaingia katika kina cha maji, akatoka na ujumbe. Watu walimiminika Ngarambe kutoka Umatumbi, Kichi, Uzaramo, Ungindo. Alichowapa kilikuwa maji yaliyochanganywa na nafaka, dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na pamoja na dawa aliwapa neno lililozidi dawa: kwamba wote ni watu wa mmoja na wajipange pamoja. Aliwaambia wangoje. Wamatumbi walichoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba la jumbe na kung'oa miche michache.

Hebu tukae hapa kidogo. Vita iliyoenea kutoka mwambao wa Kilwa hadi Songea haikutangazwa kwa mkuki wala kwa barua. Ilitangazwa kwa kung'oa mpamba. Ilikuwa lugha ambayo pande zote mbili ziliielewa mara moja, pasipo mkalimani. Akida wa eneo hilo alipoona miche imelala, alijua. Hesabu za Wajerumani wenyewe zilikiri vifo 75,000, wengi kwa njaa iliyofuata baada ya majeshi kuchoma maghala na mashamba. Gilbert Gwassa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyewahoji wazee wa kusini katika miaka ya 1960 wakiwa bado hai, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Basi mzee wa Kibiti alipomwambia msichana kuwa babu zetu waliing'oa pamba, hakuwa akitoa maoni juu ya kilimo.

*

Ilikuwaje, sasa, mche ule ule uliong'olewa mwaka 1905 ukapandwa upya, miguuni pa bibi, katika nembo ya taifa ambalo linaihesabu Maji Maji kuwa chimbuko lake? Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliitaja vita ile kama ushahidi kwamba watu wake hawakumkubali mgeni kwa hiari. Aliyeisimulia vita hiyo na walioiidhinisha pamba katika Ngao walikuwa kizazi kimoja cha viongozi, chama kimoja.

Jibu langu ni kwamba kuna pamba mbili. Ile iliyomo katika Ngao ni ya Usukuma. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, chini ya uongozi wa Paul Bomani, walikataa kudhulumiwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakapima pamba yao wenyewe, wakaunda vyama vya msingi na mwaka 1955 wakaviunganisha katika shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, moja ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika katika bara hili. Kwao pamba ilikuwa baiskeli, bati juu ya nyumba, karo ya shule. Ilikuwa shule ya siasa pia: mkulima aliyejifunza kumwajiri karani wake mwenyewe hakuona ajabu kumchagua mbunge wake mwenyewe. Bomani aliingia katika baraza la mawaziri. Mtu wa Mwanza akiuona mpamba miguuni pa bibi, anauona ushindi, na ana haki.

Hata suala la nani aliichora Ngao linaelekea huko huko. Mwaka 2017 Watanzania walishtuka kumwona kwenye televisheni mzee aliyeishi katika ufukara Buguruni, jijini Dar es Salaam, Francis Maige Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyesema kuwa yeye ndiye mchoraji. Alifariki mwezi Mei mwaka huo huo. Wengine walijitokeza na madai yao au ya wazazi wao, na mabishano hayo hayajanyamaza. Si nia yangu kuyaamua. Ila Ngosha ni jina la Kisukuma, na ikiwa mkono uliochora ulikuwa wa mtu wa kule ziwani, hatuna haja ya kustaajabu kwamba pamba ilimjia kama ishara ya heri. Na kama si wake, bado aibu ni yetu, maana taifa linaloweza kukuonyesha nembo yake katika kila ofisi lilishindwa kukuonyesha daftari lililoandikwa jina la aliyeichora.

Mkarafuu nao una pande mbili, nitaugusa tu. Unguja na Pemba ni zao la taifa. Lakini waliochuma karafuu hizo katika karne ya 19 wengi waliletwa kwa minyororo kupitia Kilwa, kutoka nyanda hizi hizi za kusini. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani katika misafara ile ile. Ukiitazama Ngao kutoka Rufiji, karibu kila kitu kinachotoka ardhini humo kiliwahi kuwa mzigo mgongoni mwa mtu.

Kuna kejeli nyingine ambayo watumishi wenzangu wa umma wataniwia radhi nikiitaja. Mimea hiyo miwili imewekwa kwa ajili ya ushirika. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, likiwamo shirikisho la Bomani katika sura iliyokuwa nayo wakati huo, na kazi zao ikazikabidhi kwa mashirika ya umma na vijiji. Amri za kuvifuta ziliandikwa kwenye karatasi yenye Ngao juu yake. Rufiji tulikuwa tumekwisha kuizoea karatasi hiyo: mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa, watu wa bondeni waliamriwa kuhama kutoka mashamba ya mto kwenda vijiji vya nchi kavu, mbali na madungu yao. Walioamua walikuwa na nia njema kuliko Götzen, na jambo hilo lisemwe wazi. Kalenda ya mto, hata hivyo, haikuulizwa safari hii pia.

Sipendi kulifananisha kila jambo na ukoloni. Ni uvivu wa kufikiri ambao wanafunzi wangu wanajua naukata alama. Lakini katika Kibiti ya leo Ngao si picha ya daftarini tu. Kati ya 2015 na 2017 wilaya hizi za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika kipindi cha mauaji ambayo wengi wa waliolengwa walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, na polisi, wanane kwa jioni moja, Aprili 13, 2017. Walikuwa watu waliotia sahihi chini ya Ngao, au walioivaa kofiani. Kisha zikaja operesheni, na ziko familia ambazo mpaka leo zinauliza walipo watu wao. Nilipokaa katika kamati ile, kila mzee alimjua aliyeuawa na kila mzee alimjua aliyetoweka. Mkuki ulio katika ile sehemu nyekundu unaelezwa kuwa ni ulinzi wa uhuru. Hakuna mtoto aliyechora mkuki siku ile.

*

Kamati haikufikia uamuzi. Mzee alishikilia kauli yake, msichana hakubisha tena, mwalimu mkuu akasema tutaendelea kushauriana, na maji yalikuwa yanatoka, ikanibidi nikimbilie boti. Kabla sijaondoka, yule mzee alinisindikiza hadi gatini. Njiani nilimuuliza kama ana chuki na Ngao ya Taifa. Alishangaa.

"Hapana, mwalimu. Ngao ni yetu, mwanangu alikuwa mwanajeshi. Mimi nimesema tu pamba ya huku iling'olewa. Asije mtoto akadhani ilikauka."

Wiki sita baadaye mwalimu mkuu alinitumia picha kwa simu. Msichana alikuwa amechora upya. Chini kuna mistari miwili ya mawimbi, kama ile ya Ngao, ila ya rangi ya tope, rangi ya Rufiji halisi. Katikati ni dungu juu ya nguzo nne, na ngazi yake. Upande mmoja mpunga. Upande wa pili ameurudisha mpamba, tumba nyeupe zile zile kwa ustadi ule ule, lakini ameuchora umelala, mizizi ikiwa nje na udongo ungali umeshikamana nayo. Mzee, niliambiwa, aliutazama muda mrefu, kisha akaomba atengenezewe nakala.

Mchoro ulipelekwa ngazi ya juu kwa idhini, kama taratibu zinavyotaka. Umerudishwa na maelekezo ya kalamu nyekundu pembeni: "Mmea umekosewa. Usimamishwe wima." Mwalimu mkuu ananiuliza ajibu nini, na barua ya majibu inatakiwa kabla ya Ijumaa.